Ukifika Sayari Ngeni, Usiharakishe Kuvua Helmeti

Mtu mzima akimpa mtoto jibu la makosa ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kunyamaza na kuomba mtoto asahau. Ya pili ni kumrudia akamwambia, "Mwanangu, juzi nilikudanganya bila kukusudia." Mimi nimechagua ya pili, na kwa kuwa huenda nawe umepata kumjibu mwanao vivyo hivyo, naomba tukae pamoja tulirekebishe jibu hilo.

Mambo yalianzia barazani kwetu Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Ilikuwa baada ya Isha, stima zimepotea mtaa mzima, na kila aliyekuwa ndani ametoka nje kutafuta upepo. Wanaozijua ndia zetu wanajua zilivyo nyembamba. Ukiinua macho waiona mbingu kama utepe tu kati ya mapaa mawili. Usiku ule, kwa kuwa hapakuwa na taa, utepe huo ulijaa nyota. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 12, alikuwa ametoka kutazama sinema kwenye simu. Katika sinema hiyo wanaanga wanateremka kwenye sayari ya mbali, mmoja anatazama kijisaa mkononi, anasema, "Oksijeni asilimia 21!" Papo hapo anavua helmeti, anavuta pumzi ndefu na kutabasamu kama mtu aliyekuja pwani likizoni.

"Mjomba," akaniuliza, "kumbe kinachotakikana ni oksijeni tu?"

"Naam, mwanangu, ni oksijeni tu," nikamjibu, nikanyosha mkono kupokea kikombe changu cha kahawa.

Siku mbili baadaye, kisima kikanisuta.

Jirani yetu ana kisima uani kwake. Kilifunikwa miaka mingi iliyopita, nyumba ilipotiwa mfereji. Siku hizi maji ya mfereji ni ya kubahatisha, basi akaamua kukifunua kisafishwe. Wakaja vijana wawili na kamba na ndoo. Mmoja alikwisha kujifunga kamba kiunoni na kuweka mguu ukingoni, alipotokea mzee wa nyumba ya pili na bakora yake.

"Mumeshusha taa?" akauliza.

Vijana wakacheka. Mmoja akamulika kwa tochi ya simu. "Twaona mpaka chini, mzee."

"Sikuulizi habari ya kuona. Nakuuliza taa ya moto."

Ikaletwa kandili. Mzee akaiwasha, akaifunga kamba, akaiteremsha polepole huku akihesabu pima. Pima ya kwanza, mwanga mzuri. Pima ya pili, mzuri. Pima ya tatu ulimi wa moto ukapungua, ukawa kama punje ya mtama, kisha ukafa. Akaipandisha, akaiwasha tena, akaishusha tena. Ikafa pale pale.

"Haya," akamwambia yule aliyejifunga kamba. "Hapo ilipozimika taa ndipo ambapo ungezimika na wewe."

Hakuna aliyecheka tena. Mpwa wangu akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Mjomba, mle ndani ni kama sayari nyingine."

Msomaji, alisema kweli tupu. Kisima kile hakikunuka, hakikutoa moshi, wala hewa yake haikuwa na rangi. Kwa macho, hewa ya pima ya tatu ilikuwa sawasawa na ile tuliyokuwa tukiivuta sisi tulio juu. Kwa mapafu, ilikuwa ya ulimwengu mwingine kabisa. Basi na tuulize upya, na safari hii tusikimbilie kahawa: ni kitu gani hasa kinachoifanya hewa ya ulimwengu wowote, wa mbali au wa uani kwa jirani, ifae kuvutwa na binadamu?

Asilimia pekee haitoshi

Hewa yetu ni mchanganyiko. Naitrojeni ni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, argoni karibu asilimia 1, na gesi nyingine chache chache, ikiwamo kaboni dioksaidi ambayo ni asilimia 0.04 hivi. Mchanganyiko huo ni ule ule Kuze, Nairobi na kileleni Mlima Kenya. Sasa, ikiwa ni ule ule, mbona mtu wa pwani akipanda mlima huhema kama aliyefukuzwa na mbwa?

Sababu ni uzito. Hapa Mombasa, usawa wa bahari, hewa yote iliyo juu yetu hutukandamiza kwa uzito wa takriban kilo moja juu ya kila sentimita mraba ya mwili. Walimu wa fizikia huita jambo hilo kanieneo. Ukienda Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, uzito huo umepungua hadi kama asilimia 82. Iten, mita 2,400, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wetu mashuhuri, imebaki kama robo tatu. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, imebaki nusu na kidogo. Juu ya Everest, mita 8,849, ni theluthi moja tu. Reinhold Messner na Peter Habeler walipofika huko tarehe 8 Mei 1978 bila chupa za oksijeni, walikuwa watu wa kwanza kufanya hivyo, na mpaka leo wapandaji walio wengi hawathubutu.

Kumbe kote huko oksijeni ni asilimia 21. Kwa hivyo yule mwanaanga wa sinema na kijisaa chake ni sawa na muuza pilau anayekwambia robo ya sahani ni nyama, asikwambie sahani yenyewe ni ukubwa gani. Kinachohesabiwa na mapafu ni uzito wa ile oksijeni yenyewe.

Tuuite uzito wa hewa yote ya Mombasa "moja". Sehemu ya oksijeni basi ni 0.21. Ikishuka kuelekea 0.10, mtu asiyezoea huanza kuchanganyikiwa, na hatimaye huzimia. Ikipanda kupita 0.5 na kukaa hivyo kwa siku nyingi, mapafu huanza kuumia. Ikifika 1.6, yaweza kumtia mtu kifafa. Ndiyo sababu mpiga mbizi haruhusiwi kuvuta oksijeni tupu chini ya kina cha mita 6. Oksijeni ni kama chumvi: ikikosekana chakula hakiliki, na ikizidi hakiliki vilevile.

Hapa pana jambo la ajabu. Wanaanga wa Apollo waliokwenda Mwezini walipokuwa angani walivuta oksijeni tupu, asilimia 100, lakini kwa theluthi moja tu ya uzito wa hewa ya kawaida, na wakaishi salama. Kinyume chake, sayari yenye hewa nzito mara mbili ya yetu ingehitaji oksijeni ya asilimia 10 tu kumtosha mtu. Huko mtu angepumua vizuri, lakini kandili ya mzee wetu ingekataa kuwaka, kwa sababu moto hujali zaidi asilimia na mapafu hujali uzito. Kwa hiyo hata taa ya kisimani ina mipaka yake, nasi tutarudi kwenye jambo hilo kabla hatujaagana.

Kazi ya ile isiyo na kazi

Wengi hudhani naitrojeni ni mzigo tu. Inaingia mapafuni, inatoka, haikufanya lolote. La hasha! Kazi yake ni ile ya maji katika sharubati. Tarehe 27 Januari 1967, huko Florida, wanaanga watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikuwa wamefungiwa ndani ya chombo cha Apollo kwa majaribio, kingali chini ardhini. Chombo kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu kwa uzito kamili na zaidi kidogo. Moto ukazuka, na katika hewa hiyo kila kitu kikawa kama petroli. Hawakuwahi kufungua mlango. Sayari yenye oksijeni nyingi bila kijazio ingekuwa hivyo: radi moja tu, na msitu mzima umekwenda.

Lakini kijazio nacho kina kiasi chake. Mwaka 1977 wapiga mbizi walianza kufukua mabaki ya Santo António de Tanná, jahazi la Kireno lililozama mbele ya Ngome Yesu mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira ngome hiyo. Kila mpiga mbizi anajua kwamba kwenye kina cha mita 10 hewa aivutayo ina uzito mara mbili ya ile ya juu, na kwamba akipita mita 30 naitrojeni humlevya kama aliyekunywa tembo. Ulimwengu wenye hewa nzito mno, hata ikiwa safi, ungetulevya sote.

Sumu isiyo na harufu

Sasa tuseme sayari yetu ina oksijeni 0.21 na naitrojeni ya kutosha. Je, tuvue helmeti? Bado. Tutazame kaboni dioksaidi, ile tunayoitoa puani. Ikiwa asilimia 3 au 4 katika hewa, kichwa huuma na mtu huhema. Ikifika 10, huzimia kwa dakika chache, hata kama oksijeni ipo tele.

Majirani zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanalijua jambo hili kuliko mwanaanga yeyote, na wamelipa jina kwa Kiswahili chao: mazuku. Nchi yao ni ya volkano, na gesi hiyo hutoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hutulia mabondeni na mashimoni kama maji, hasa usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo. Mbuzi akiingia bondeni haondoki. Mtu mrefu anaweza kupita salama, na mtoto aliyeinama kuokota kitu asiinuke tena. Huko Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, gesi hiyo hiyo ilibubujika kutoka ziwa Nyos, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700, wengi wao wakiwa wamelala.

Kisima cha jirani yetu ni mazuku madogo. Majani yaliyoanguka humo yameoza miaka na miaka; vijidudu vinavyoyaozesha hula oksijeni na kutoa kaboni dioksaidi; na kifuniko kimezuia upepo. Hewa ikalala pale chini ikingoja mgeni.

Na mwili, msomaji, haupigi kengele inayotakikana. Ile dhiki uisikiayo ukizuia pumzi si kukosa oksijeni. Ni kaboni dioksaidi kujaa mwilini. Ukivuta hewa isiyo na oksijeni wala kaboni dioksaidi, hutasikia kitu. Tarehe 19 Machi 1981, mafundi waliokuwa wakikitayarisha chombo cha Columbia huko Florida waliingia katika sehemu iliyojazwa naitrojeni tupu ili kuzuia moto. Hawakukohoa wala hawakupiga kelele. Walianguka tu. Mmoja alikufa siku ile ile, na wa pili majuma mawili baadaye. Mwanaanga akivua helmeti kwenye sayari ya naitrojeni, tabasamu lake lile la sinema huenda likawa la kweli kabisa. Angetabasamu mpaka anaanguka.

Kutu ya mabati na mawe ya ukuta

Mpwa wangu alipofika hapa akaniuliza, "Basi nani aliyetutengenezea hewa yetu ikawa sawasawa hivi?" Nikamwambia atazame nyumba tuliyomo.

Anza na paa. Kila mtu wa pwani anajua bati jipya halikai miaka mingi, kwani chumvi ya bahari huharakisha kutu. Kutu ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Oksijeni ni gesi isiyotulia. Hushikana na chuma, na mawe, na kila iozacho. Sayari isiyo na kitu cha kuizalisha upya ingeipoteza yote. Kwa hiyo ulimwengu wenye oksijeni nyingi huru lazima uwe na kiwanda kisicholala. Hapa duniani kiwanda hicho ni mimea ya nchi kavu, pamoja na vimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyoelea baharini, ambavyo huzalisha karibu nusu ya oksijeni yote inayotengenezwa.

Na hakikuanza jana. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5, na kwa karibu nusu ya umri huo haikuwa na oksijeni ya kutajika. Vijidudu vya majini ndivyo vilivyojifunza kutumia jua na kutoa gesi hiyo, na yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita ikaanza kujaa hewani. Hata hapo haikuwa ya kututosha sisi; ilichukua miaka bilioni mbili nyingine kukaribia kiasi cha leo. Ungefika pwani hii hii ya zamani hizo ukavua helmeti, ungekufa ukiwa duniani kwenu.

Sasa tazama ukuta. Nyumba zetu za Mji wa Kale, kama Ngome Yesu iliyojengwa tangu mwaka 1593, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Kisiwa chenyewe ni tumbawe la zamani lililokuwa chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Tumbawe ni jiwe la chokaa, na jiwe la chokaa ni kaboni dioksaidi iliyotiwa kifungoni. Katika kila kilo 100 za jiwe hilo likiwa safi, kilo 44 ni gesi hiyo. Wazee waliochoma chokaa katika tanuri walikuwa wakiifungulia iende zake hewani; na ile lipu waliyoipaka ukutani ilikauka na kuwa ngumu kwa kuirudisha gesi hiyo hiyo kutoka hewani.

Si jambo dogo. Dunia na sayari ya Zuhura zina kaboni dioksaidi inayokaribiana kwa wingi. Yetu, kwa kazi ya mvua, bahari, makoa na matumbawe, imefungwa ndani ya mawe. Ya Zuhura imebaki hewani. Matokeo yake hewa ya Zuhura ni kaboni dioksaidi kwa asilimia 96, uzito wake ni mara 92 ya yetu, na joto lake ni kama nyuzi 465, linaloyeyusha risasi. Kwa hiyo ukiegemea ukuta wa nyumba ya zamani Kuze, umeegemea sehemu ya sababu ya wewe kuwa hai.

Majirani na walio mbali

Je, pana mahali pengine pa kuvutia pumzi? Mirihi ndiyo inayotamaniwa zaidi. Hewa yake ni kaboni dioksaidi kwa asilimia 95, na uzito wake haufiki hata sehemu moja kwa mia ya hewa ya Mombasa. Mtu asiye na vazi la anga, maji ya ulimini mwake yangechemka kwa joto la mwili wake mwenyewe. Wamarekani walipeleka huko kijitambo kiitwacho MOXIE, ndani ya gari la Perseverance, ili kitoe oksijeni kutoka kwenye hewa hiyo. Kuanzia Aprili 2021 hadi Agosti 2023 kilifanya kazi mara 16 na kupata gramu 122 kwa jumla. Mtu mmoja hutumia yapata gramu 840 kwa siku. Hesabu mwenyewe: kazi ya miaka miwili na zaidi, pumzi ya saa tatu na nusu. Hata hivyo mimi nakipigia makofi, kwani ndicho chombo cha kwanza kupata oksijeni kutoka kwenye hewa ya sayari nyingine.

Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, una hewa ya naitrojeni yenye uzito mara moja na nusu ya yetu. Chombo cha Huygens kilitua huko tarehe 14 Januari 2005. Huko usingehitaji vazi la kukukinga na uhaba wa uzito. Lakini hakuna oksijeni, na baridi ni nyuzi 179 chini ya sifuri.

Zaidi ya hapo ni jua za wengine. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya kwanza inayozunguka nyota mfano wa jua letu, na leo zinazojulikana zimepita 5,000. Hewa yake hupimwa kwa nuru: sayari ikipita mbele ya nyota yake, nuru ya nyota hupenya ukingo wa hewa hiyo, na kila gesi huichukua rangi yake. Kusoma nuru ya mbali si kugeni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970 chombo kilichopewa jina Uhuru kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kwenda kusoma miale ya eksirei ya nyota. Leo darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ndiyo inayopima hewa hizo za mbali. Nyota ya TRAPPIST-1, mwendo wa miaka 40 wa nuru kutoka hapa, ina sayari saba za mawe, na watu waliweka matumaini makubwa kwazo. Mwaka 2023 vipimo vya ile iliyo karibu zaidi na nyota hiyo vilionyesha haina hewa ya kutajika. Kati ya zote hizo 5,000 na zaidi, hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwa na hewa ya kutufaa.

Turudi kisimani

Wazee walituasa, usisafirie nyota ya mwenzio. Nami nasema, kabla ya kuzisafiria nyota za mbali, tujihadhari na sayari ngeni zilizomo majumbani mwetu.

Mzee wetu alitia chumvi kidogo aliposema kijana angezimika pale pale. Kandili huzimika oksijeni ikishuka hadi kama asilimia 16, na mtu bado ana nafasi hapo. Hiyo ndiyo faida yake: inakufa kabla yako. Lakini usiifanye mlinzi wa pekee. Taa inaweza kuwaka vizuri huku kaboni monoksaidi ikikuua, kama pale watu wanaposhusha kisimani mashine ya petroli ya kuvuta maji. Na palipo na gesi inayoshika moto, kama ile ya mashimo ya choo, taa yenyewe ndiyo hatari. Kisima au tangi lililofungwa muda mrefu lipimwe kwa kipimo cha gesi na kupuliziwa hewa kabla ya mtu kuingia, naye afungwe kamba iliyoshikwa na watu walio juu. Akianguka, avutwe. Usimfuate! Mara nyingi katika misiba ya visima anayekufa wa pili ni ndugu aliyekwenda kumwokoa wa kwanza, na wa tatu ni jirani.

Kadhalika jiko la makaa. Msimu wa baridi unapofika, hasa kwenu mnaoishi bara, usilale nalo chumbani milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na kama ile naitrojeni ya Florida, haikuamshi. Chumba kilichofungwa chenye jiko huiacha dunia polepole, na aliyelala humo hajui kwamba ameanza safari.

Kisima cha jirani kilifunikwa tena siku ile. Baada ya juma moja wakaja watu wengine na kipimo, na feni yenye bomba refu, wakakipulizia hewa asubuhi nzima kabla ya kuingia. Yule kijana wa kamba alikuwapo. Yeye ndiye aliyeshika kamba juu, na nilimwona hapepesi macho.

Mpwa wangu naye ameifungua tena ile sinema, akaisimamisha pale mwanaanga anapotazama kijisaa. Ameandika kwenye daftari maswali ambayo angetaka kumuuliza kabla hajavua helmeti: Oksijeni uzito gani? Kijazio ni nini? Kaboni dioksaidi kiasi gani? Kuna sumu nyingine? Kuna joto gani? Na la mwisho, ambalo sikumfundisha mimi: "Nani amekushikia kamba?"

Hadi Jumapili ijayo, inshallah, fungueni madirisha.